UZI: Dawa ya minyoo nawapa nguruwe kila miezi mitatu na maini bado yana madoa, kumbe shida iko kwenye hori

Mgombani

Wakuu poleni na majukumu. Huu uzi utakuwa mrefu kidogo, asiyefuga apite tu asije akaanza kuuliza bei ya kilo.

Mimi nafuga huku Kibosho, Moshi. Nguruwe walikuwa 14, majike mawili, waliobaki ni wa kunenepesha, dume naazima kwa jirani. Chakula chao kikubwa ni machicha ya mbege (makapi ya pombe yetu ya kienyeji) maana mama mkwe anapika na majirani wanapika, napata kwa bei ya kutupa. Juu yake naongezea pumba za mahindi, migomba iliyokatwakatwa, na hela ikionekana mashudu ya alizeti na dagaa. Dawa ya minyoo nawapa kila miezi mitatu bila kukosa, tena naandika kwenye daftari. Albendazoli ya maji ile ya 10%, napima dozi ya wote kwa pamoja, namimina kwenye ndoo ya machicha, nakoroga, namwaga kwenye hori wanakula. Hakuna kelele, hakuna mtu mzima kukimbizana na nguruwe hadi unakaa kwenye matope mbele ya watoto.

Sasa mwezi uliopita nimechinja wanne kwa mpigo. Mkaguzi wa nyama kafungua ini la kwanza, madoa meupe kama mtu kalimwagia maziwa. La pili hivyohivyo. La tatu akalitupa lote. Utumbo kuufungua ndo nikachoka kabisa, minyoo mirefu kama tambi imejikunja humo, hai, inacheza. Na hao nguruwe walikuwa wamepewa dawa wiki tano nyuma!

Nikamfuata muuza duka akaniambia dawa za siku hizi feki nichukue ya bei ya juu. Nikarudi nyumbani bila kununua, nikakaa nikawaza, hivi mbovu ni dawa au mbovu ni mimi? Nimesoma, nimeuliza waliosomea, na nilichokuta ni kwamba chakula kilichomo tumboni mwa nguruwe na kilichomo kwenye hori kina kauli kubwa kwenye hii dawa kuliko chapa iliyoandikwa kwenye chupa.

Naendelea, simu ina asilimia 9 nachomeka kwanza.

MlaMdudu

Hao wanne waliuzwa bucha ipi mkuu nisije nikapita hiyo njia 😂

Mgombani

@MlaMdudu nyama ilipigwa mhuri, yaliyotupwa ni maini. Kula kwa amani.

Naendelea. Kitu cha kwanza nilichofanya ni cha kitoto. Nikachukua chupa tupu ya maji ile inayoonekana ndani, nikatia maji, nikatia ile albendazoli, nikatikisa nikaiacha nikaenda kukata majani ya mbuzi. Kurudi, unga mweupe umekaa chini na juu maji karibu meupe pee. Kumbe hii dawa haiyeyuki majini, ni unga unaoelea tu kwa sababu kiwandani wameuwekea vitu vya kuushikilia, ukishaichanganya na maji mengi au machicha mepesi inashuka chini kama mchanga. Kwa hiyo nguruwe wa kwanza kufika kwenye hori walikuwa wanakunywa machicha matupu, na dawa ilibaki kwenye sakafu ya hori anailamba yule mmoja mwenye tabia ya kubaki mwisho. Huyo nadhani alikuwa hana mnyoo hata mmoja, halafu bahati mbaya sio miongoni mwa waliochinjwa.

Hiyo ni kabla hata dawa haijaingia mdomoni. Ikishaingia tumboni kuna mengine. Hii familia ya dawa, albendazoli, fenbendazoli na oksfendazoli, mwili unazinyonya kwa shida kwa sababu hiyohiyo ya kutoyeyuka. Fenbendazoli kwa nguruwe inayofika kwenye damu ni kama robo hivi ya uliyompa, iliyobaki inatoka na mavi. Kinachosaidia ziyeyuke ni mafuta, kwa sababu chakula chenye mafuta kinaita nyongo itoke na nyongo ndo inazibeba. Kwa binadamu imepimwa, mtu akila albendazoli na chakula cha mafuta inayoingia kwenye damu inafika kama mara tano ya akila bila chakula, ndo maana wenye tegu kwenye ubongo hospitali wanaambiwa wale kwanza. Na tumbo la nguruwe ni moja kama letu, sio la ng'ombe lenye vyumba vinne.

Sasa mimi nilikuwa natia dawa kwenye nini? Machicha. Maji mengi, makapi mengi ya ulezi, mafuta kiduchu. Halafu siku ya dawa ndo nilikuwa nawajazia hori ili wote wapate, yani tumbo limejaa makapi yanayosukumana kwenda nje na dawa imo humohumo inasafirishwa kama abiria asiyeshuka kituo chake.

Swali langu kwa wataalamu: je, niwalaze njaa usiku halafu asubuhi niwape dawa na kitu chenye mafuta kama mashudu? Au nahangaika bure? Karibuni.

Mbishi Asilia

Mkuu umeandika vizuri ila mbona wazungu wana mashamba ya nguruwe elfu tano na dawa wanachanganya kwenye chakula tu na inafanya kazi? Hakuna anayekaa kumpa nguruwe mashudu na kijiko. Mi naona dawa yako feki basi, usitafute mchawi.

Mama Vitoto 12

Mimi niko Kibaha, nilishaachana na habari za dawa ya kula. Nachoma sindano ya ivamektini kila mtu na yake, upele unaisha chawa wanaisha minyoo inaisha. Chakula wale watakacho hakiingiliani na sindano.

Baba Shiru

Salamu kutoka Kikuyu, Kenya. Huu uzi umenigusa aki. Mimi nguruwe zangu nazilisha mabaki ya hoteli, chapati, githeri, mchele, supu, kila kitu. Mwaka jana mtu aliniambia ndio dawa ishike lazima zilale njaa kabisa, nisiwape chakula na hata maji nifunge. Nikafanya hivo kutoka saa kumi jioni mpaka kesho yake karibu saa sita mchana juu nilichelewa kutoka town. Nikawapa dawa na mabaki. Jioni nguruwe tatu zikaanza kutembea zikigonga ukuta kama zimepofuka, moja ikakaa chini kama mbwa halafu ikaanguka ikitingishika miguu. Nikajua hiyo dawa ni sumu. Nilipoteza mbili. Mpaka leo sijawahi tumia hiyo dawa tena.

Bwana Mifugo Mstaafu

Nimeitwa huku na kijana wangu anayefuatilia huu uzi. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi vijijini, sasa nimepumzika, nitajibu mmojammoja mnivumilie maana naandika kwa kidole kimoja.

Nianze na Baba Shiru kwa sababu lake ni la hatari. Pole sana. Hao hawakuuawa na dawa ya minyoo. Hiyo ni sumu ya chumvi. Mabaki ya hoteli yana chumvi nyingi, nguruwe anaimudu ilimradi anakunywa maji, ukimfungia maji chumvi inapanda mwilini hadi kwenye ubongo, na akija kuyapata maji kwa mkupuo ubongo unavimba. Kugonga ukuta, kukaa kama mbwa, kutetemeka, ndo dalili zake hasa. Ikitokea tena maji apewe kidogokidogo na mara nyingi, sio ndoo nzima. Kwa hiyo wote mnaosoma hapa, NGURUWE HAFUNGIWI MAJI, kwa dawa yoyote ile. Chakula unaweza kukipunguza usiku mmoja kwa nguruwe mzima mwenye afya. Kushinda njaa muda mrefu kunamletea vidonda vya tumbo, na jike mwenye mimba au vitoto vilivyoachishwa juzi usivilaze njaa kabisa.

Mgombani, maelezo yako kuhusu mafuta na kuyeyuka ni sahihi, ila umeruka swali moja ambalo linatakiwa kuja kwanza. Mnyoo unaoutaka uko wapi? Kama uko ndani ya utumbo, kama zile tambi zako, dawa inamkuta humohumo inakopita, haihitaji kuzunguka kwenye damu ndo imfikie. Kwa huyo, robo kwenda kwenye damu na robo tatu kubaki utumboni sio hasara hata kidogo. Kinachohitajika ni dawa ikae na mnyoo muda mrefu. Hizi dawa zinaua polepole, zinamzuia mnyoo kutumia chakula mpaka anaishiwa nguvu, sio kama levamisoli inayompooza mara moja. Ndo maana fenbendazoli ya kugawanya siku tatu mfululizo, miligramu 3 kwa kilo kila siku, inafanya kazi nzuri kuliko kumpa mara moja, hasa kwa mnyoo mjeledi uliojichomeka ukutani kule kwenye utumbo mpana.

Lakini kama unataka kuua viluwiluwi, yani minyoo michanga, vinavyosafiri kwenye ini na mapafu, au tegu aliyejificha kwenye msuli, hapo ndo unyonywaji unakuwa na maana na hapo ndo maneno yako ya mafuta yanafaa.

Na kuna jambo kwenye hadithi yako hujaliona. Una ushahidi wa aina mbili, umeuchanganya. Mnyoo mkubwa wa nguruwe, ndo hizo tambi zako, tangu yai limezwe mpaka awe mkubwa anayetaga ni wiki sita hadi nane. Wewe ulichinja wiki ya tano ukakuta mirefu kama tambi, basi hiyo ilikuwepo siku unatoa dawa na ikabaki. Dawa haikuifikia. Madoa ya ini ni habari nyingine, yale yanapona yenyewe kwa wiki tano au sita hivi kama hakuna viluwiluwi vipya, kwa hiyo madoa yanasema nguruwe wako wanameza mayai mapya kila siku kutoka kwenye banda. Hata dawa ingefanya kazi asilimia mia, madoa ungeyaona. Hayo hayana dawa ya chupa, yana chepeo na maji ya moto. Yai la huyu mnyoo linakaa kwenye udongo miaka na miaka, chokaa na dawa nyingi za banda halizijali.

Ngoja nikanywe chai nitarudi kwa Mama wa Kibaha.

Mgombani

Shikamoo mzee. Aisee hapo kwenye ushahidi wa aina mbili umenifungua macho. Mimi nilikuwa najumlisha tu "minyoo".

Mbozi Kahawa

Shikamoo mzee. Mi niko Mbozi na shida yetu huku ni tegu. Mnunuzi akija kitu cha kwanza anamlaza nguruwe anamvuta ulimi, akiona au akipapasa vipunje basi bei inakatwa nusu au anaondoka. Tulisikia oksfendazoli inaua tegu kwenye nyama. Nimenunua ile ya kawaida ya ng'ombe na mbuzi nikawapa kwa kufuata chupa, kwenye pumba. Nimechinja mmoja baada ya miezi miwili, punje zimejaa kama mchele. Je ni pumba zilizoharibu?

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba wote.

Mbozi, pumba zina sehemu ndogo, kosa kubwa liko kwenye hesabu. Dozi inayoua tegu kwenye msuli ni miligramu 30 kwa kila kilo, mara moja, hii ilionyeshwa Peru miaka ya 1990 na mpaka leo ndo inayotumika, hata watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, wameifanyia kazi hapa kwetu. Dozi iliyo kwenye chupa ya ng'ombe na mbuzi ni karibu miligramu 5 tu kwa kilo. Umempa sehemu moja tu ya sita. Tena ile chupa ya kawaida ni ya 2.265%, nguruwe wa kilo 53 angehitaji kama mililita 70 ili ifike miligramu 30, nani anamnywesha nguruwe mililita 70? Ipo ya nguruwe hasa, ya 10%, huyohuyo wa kilo 53 ni mililita 16 basi. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya wapi inapatikana.

Na huyu tegu yuko kwenye msuli, lazima dawa ipite kwenye damu, kwa hiyo hii usiitie kwenye hori kabisa, mnyweshe mdomoni mmojammoja. Tahadhari, nguruwe akipiga kelele koo la hewa liko wazi, ukimmiminia hapo unamtia dawa mapafuni na atakufa na utasema dawa. Subiri anyamaze, weka bomba pembeni ya shavu, mimina taratibu mpaka umeze wewe mwenyewe kwa kumuonea huruma. Halafu usichinje haraka. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye lebo, na hata zikiisha punje zilizokufa bado zitaonekana kwenye nyama, zinachukua kama wiki 12 kusafika. Majike yenye mimba changa usiyape bila kumuuliza daktari, oksfendazoli na albendazoli zote zina sifa mbaya kwa mimba changa. Na jengeni vyoo, nguruwe anakula mayai ya tegu kwenye mavi ya mtu, sio kwingine.

Sasa Mama Vitoto. Sindano haikwepi chakula kabisa kama unavyodhani mwanangu. Ivamektini inapenda mafuta, ikiingia mwilini inakwenda kukaa kwenye mafuta ya mnyama na kutoka humo kidogokidogo. Watafiti wa Denmark mwaka 2002 walilinganisha nguruwe wanene na wembamba, kwa wembamba dawa haikukaa mwilini muda mrefu kama kwa wanene. Kwa hiyo nguruwe aliyekonda kwa chakula kibovu ndo mwenye minyoo mingi na upele mwingi, na ndo huyohuyo ambaye sindano inamwisha mapema. Halafu nikuulize, unapima mililita ngapi?

Mama Vitoto 12

Shikamoo baba. Nafuata chupa, mililita moja kwa kilo 50.

Bwana Mifugo Mstaafu

Nilijua tu. Hiyo ni ya ng'ombe. Nguruwe ni mililita moja ya ile ya 1% kwa kilo 33, anahitaji zaidi ya ng'ombe. Na ivamektini kwa mnyoo mjeledi haitabiriki, leo inafanya kesho haifanyi, na kwa tegu haifanyi kitu. Na sindano usitumie moja kwa banda zima, na yule kijana anayezunguka nyumba kwa nyumba na sirinji yake mfukoni msimruhusu aguse nguruwe wako, homa ya nguruwe inasafiri hivyohivyo na ikiingia hutahitaji tena kuuliza habari za minyoo.

Mama Vitoto 12

Duh. Basi miaka miwili nawapa pungufu. Nguruwe wangu wa kilo 70 nilikuwa nampa moja na nusu hivi kumbe ni mbili na kitu. Na hizo kilo zenyewe nakadiria kwa macho baba.

Mgombani

@Mama Vitoto hapo kwenye kilo nina kitu. Huna haja ya mizani. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kifuani nyuma ya miguu ya mbele, halafu pima urefu toka katikati ya masikio mpaka shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, zidisha kwa 69.3, unapata kilo. Mfano wangu mmoja mzunguko 0.9, urefu 0.95, inakuja kilo 53 na kidogo. Mimi kwa macho nilikuwa namwita wa arobaini. Pima akiwa anakula kichwa kimeinama, sio akiwa anakutazama anajiuliza unataka nini.

Mbishi Asilia

Bado hamjanijibu la wazungu.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mbishi, swali lako zuri sikulipuuza. Kule chakula ni kikavu, kimesagwa kimepimwa kila kilo ina dawa kiasi gani, nguruwe wa banda moja ni wa umri mmoja na uzito mmoja, nafasi kwenye hori inatosha wote kula pamoja, na dawa inaendelea siku kadhaa, ivamektini ya kwenye chakula kwa mfano ni siku saba mfululizo. Asiyepata leo vizuri atapata kesho. Huku kwetu banda moja lina baba, mjomba na mjukuu. Mkubwa anakula dozi tatu, mdogo anapigwa kichwa anasimama pembeni. Na mwenye minyoo mingi ndo hana hamu ya kula, kwa hiyo dawa ya kwenye chakula inamkimbia yule inayemtafuta. Ukiniuliza mimi, katika mambo yote ya chakula na dawa hili linaharibu kuliko mafuta, makapi na njaa vikijumlishwa.

Na la maji niliseme maana wengi mtakimbilia huko. Levamisoli na piperazini zinayeyuka majini vizuri, zinanyonywa haraka, hazisumbuliwi sana na mafuta. Lakini nguruwe anayekula machicha kama wa Mgombani hanywi maji! Maji anayapata kwenye machicha. Ukitia dawa kwenye maji ya kunywa jioni unayakuta yalivyo. Na usilipize kwa kuongeza levamisoli, hiyo ukizidisha anatoa mate, anatapika, anatetemeka, nafasi kati ya dozi na sumu ni ndogo kuliko hizi nyingine.

Baba Shiru

Mzee asante, nimesoma hiyo ya chumvi mara tatu. Kumbe niliua nguruwe zangu na mkono wangu. Sasa hayo mabaki ya hoteli yana mafuta mob, si hiyo basi ni poa kwa dawa?

Bwana Mifugo Mstaafu

Kwa albendazoli mafuta yatasaidia, ndiyo, ila mabaki ya leo sio ya kesho, leo chapati kesho maji ya maharage, huwezi kuyategemea kama kipimo. Toa dawa kwenye donge dogo unalolijua mwenyewe, kisha mabaki yafuate. Na yachemshe kwanza, mabaki ya nyama ya nguruwe ni njia nyingine ya homa.

Wa Sugua Goti

Samahani wakuu nimechelewa, kuna mtu kaniambia majani fulani na mbegu za maboga zinatoa minyoo bila dawa, na kwamba chakula chenyewe kinaweza kuwa dawa. Kuna ukweli?

Bwana Mifugo Mstaafu

Mbegu za maboga siwezi kukuapia. Ila la chakula lina ukweli wake. Denmark waliwalisha nguruwe inulini, ni aina ya wanga inayotoka kwenye mizizi ya mmea unaoitwa chikori, haimeng'enywi juu inakwenda kuchacha kwenye utumbo mpana, na minyoo ya vinundu ikapungua na mayai yake yakapungua sana. Kinyume chake makapi magumu yasiyochacha yaliipa hiyo minyoo nafasi nzuri. Ukiyatazama mabanda yetu yaliyojaa pumba ngumu utaelewa kwa nini haituachi. Lakini huo ni mnyoo wa vinundu, usichukue hiyo ukamtibie tambi.

MlaMdudu

Nimekuja kutafuta bucha nimeishia kujifunza famasia 😂😂

Mgombani

Wakuu narudi na mrejesho, wiki nne zimepita nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya.

Kwanza nimepeleka mavi maabara kabla ya dawa, kila nguruwe na mfuko wake na alama, wakahesabu mayai. Kumi waliobaki, tisa walikuwa na mayai, na yule wa kulamba sakafu ya hori ndo pekee aliyekuwa hana. Nilicheka peke yangu pale mapokezi.

Halafu nikafuata ya mzee. Nimechukua fenbendazoli ya unga ya 4%, miligramu 3 kwa kilo siku tatu. Kwa wa kilo 53 inakuja gramu 4 za unga kwa siku. Jioni nilikuwa nawapa chakula nusu, maji yapo muda wote, asubuhi kabla ya machicha kila mmoja nampa donge la ugali mgumu nimelikanda na mashudu ya alizeti na unga wa dagaa, saizi ya ngumi, dawa imo katikati. Nimewatenga kwa mlango wa mbao mmoja baada ya mwingine. Siku ya kwanza ilinichukua saa nzima na mke wangu alidhani nimechanganyikiwa, siku ya tatu walikuwa wamepanga foleni wenyewe kwa ajili ya harufu ya dagaa. Machicha yalikuja saa mbili baadaye.

Banda nimekwangua sakafu yote, mavi yamekwenda kwenye shimo, nimemwaga maji yanayochemka kwenye pembe zote nikarudia.

Siku ya 14 nikapeleka mavi tena. Nguruwe wanane sifuri. Wawili bado. Mmoja ana mayai machache sana, mwingine bado mengi karibu kama mwanzo. Mzee huyu wa pili nimeshindwa kumwelewa maana donge alikula mbele ya macho yangu siku zote tatu.

Bwana Mifugo Mstaafu

Hongera kijana. Huyo mwenye machache usimuhesabu, nguruwe wanakula mavi, anaweza kuwa amemeza mayai yakapita tu na kutoka bila yeye kuwa na mnyoo. Huyo mwenye mengi, ni mayai ya mnyoo gani? Wamekuandikia?

Mgombani

Ngoja nitoe karatasi... wameandika ya mnyoo mjeledi. Wale wengine kabla ya dawa walikuwa na tambi na vinundu. Huyu nilimnunua mnadani mwezi wa pili.

Bwana Mifugo Mstaafu

Basi umejibiwa. Mjeledi ndo mkaidi kuliko wote, siku tatu kwa huyo wakati mwingine hazitoshi, na inawezekana ana mzigo mkubwa kutoka alikotoka. Mpe tena kwa siku zaidi, dozi ya jumla ileile miligramu 9 kwa kilo unaweza kuitandaza mpaka siku 12 kwa lebo nyingi, lakini msikilize daktari wa hapo kwenu anayemuona. Donge lilelile na dagaa. Na mtenge asiwamwagie wenzake mayai.

Mbishi Asilia

Nakubali yaishe. Ila na mimi nitapima kwa chupa kwanza nione kama dawa yangu inashuka chini.

Mbishi Asilia

Imeshuka. Dakika ishirini tu.

MlaMdudu

@Mgombani sasa mkuu hao wanane wenye sifuri, Jumamosi hii vipi, nije na vijana wangu wanne?

Mgombani

Jumamosi hii hapana. Nimesoma lebo nimepiga mstari kwenye daftari, siku zinatimia Jumatano ijayo. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo, na ini nitakufungulia mbele ya macho yako.